Gemu Si Kamari

Walikuja Jumanne saa nne na nusu asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya Agosti 2025. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa kaunta nikingoja printa imalize fomu za HELB za msichana mmoja kutoka Kutus, na printa yetu ikianza kazi unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Wanaume watatu. Wawili wana sare, mmoja amevaa koti la mvua na ameshika faili kwapani. Hawakusalimu mtu. Kwetu Kerugoya hata anayekuja kukudai deni huanza na habari za asubuhi.

"Chumba ya kamari iko wapi?" akauliza wa koti.

Mama wa saiba akainuka polepole. "Kamari, mkubwa? Hapa ni saiba. Hatuna kamari."

"Mama, usitupotezee wakati."

Akavuta pazia mwenyewe. Nyuma ya pazia kuna kile chumba ambacho kila kijana wa mji huu anakijua, kama si chetu basi cha jirani: televisheni nne, PS nne (mbili ni za zamani, zimeshikiliwa na selotepu), mabenchi ya mbao, na karatasi ukutani iliyoandikwa MECHI MOJA BOB 10, USIKANYAGE WAYA. Siku hiyo walikuwa vijana saba. Wawili walikuwa katikati ya mechi, Arsenal na Madrid, mbili-mbili, dakika ya themanini na kitu. Mimi ni shahidi. Afande mdogo akachomoa waya ukutani, skrini zikazima, na kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini kama mtu aliye matangani, "Aki afande, si ungengoja tu iishe."

Walibeba televisheni zote nne, PS zote nne, padi tisa (padi za gemu, msicheke) na, kwa sababu nisiyoielewa mpaka leo, benchi moja. Mama akaomba karatasi. Karatasi yoyote. Orodha ya vitu, jina la mtu, namba ya simu. Akaambiwa barua itakuja. Akauliza kosa ni gani, akaambiwa kuna amri: watoto wasionekane kwenye gemu, likizo au si likizo. Amri ya nani? "Ya serikali."

Ofisi yao siitaji hapa, maana hata wao hawakuitaja.

Nataka kubishana na amri hiyo. Kulalamika tumelalamika vya kutosha kwenye status za WhatsApp. Nataka kubishana nayo kana kwamba imeandikwa mahali, na shida ya kwanza ni kwamba haijaandikwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 47, inasema hatua yoyote ya kiutawala lazima iwe halali, ya busara na ya haki katika utaratibu wake, na mtu ambaye haki yake imeguswa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi. Kifungu cha 31 kinalinda mali yako isinyakuliwe ovyo. Bunge likatunga Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala mwaka 2015 ili haya yasibaki mapambo. Mimi si wakili, hizi zote nimezisoma kwenye kompyuta namba tatu pale pale saibani, ile yenye herufi E inayokwama. Lakini kama mimi nimezisoma kwa bob moja kwa dakika, mtu anayelipwa mshahara wa umma hana kisingizio.

Mtu ataniambia, wewe kijana, unaleta Katiba kwa mambo ya PS? Ndiyo. Mambo madogo ndiyo Katiba inakutana nayo Kerugoya. Sisi hapa hatunyang'anywi viwanda.

Sasa hilo neno kamari. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na naamini nusu ya balaa hili ni la lugha. Sheria ya kamari ya mwaka 1966, Sura ya 131, kwa Kiingereza iliitwa Betting, Lotteries and Gaming Act. Neno la mwisho, gaming, kwa waliotunga sheria ile lilikuwa kamari ya mezani na ya mashine. Mwaka 1966 hakukuwa na FIFA ya kompyuta duniani. Miaka karibu sitini baadaye, kijana wa Form Two akisema anaenda gaming, anamaanisha anaenda kumpiga rafiki yake tatu bila na kumtania mpaka jioni. Afisa anasikia neno lile lile lililo kwenye kitabu chake. Kiswahili nacho hakisaidii, maana tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza kamari, vyote ni kucheza. Na kichekesho chenyewe ni hiki: mwezi ule ule wa Agosti 2025 waliotutembelea, Rais alikuwa ametia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, na sheria hiyo imeacha lile neno la zamani kwenye jina lake. Sheria imeshabadilisha msamiati. Koti la mvua bado.

Tofauti si ngumu. Kwenye kamari unaweka pesa, bahati inaamua, na unaondoka na pesa au bila. Kwenye chumba chetu unalipa bob kumi ya dakika kama kumi na mbili za burudani, vidole vyako vinaamua, na ukishinda unaondoka na maringo tu. Hakuna aliyewahi kununua unga kwa maringo.

Ugiriki walishawahi kukosea hapo hapo, tena kwa sheria iliyopita bungeni. Mwaka 2002 walitaka kukomesha mashine haramu za kamari. Wakaona wakaguzi wao hawawezi kutofautisha mashine ya kamari na gemu ya kawaida, basi wakapiga marufuku zote, Sheria namba 3037, michezo yote ya kielektroniki katika maeneo ya umma. Polisi wakaanza kuingia kwenye migahawa ya intaneti. Septemba mwaka huo huo mahakama ya Thessaloniki ikatupa kesi dhidi ya wenye mgahawa, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Ugiriki ilikiuka sheria za Umoja. Serikali nzima ilishindwa kwa sababu haikutaka kufanya kazi ya kutofautisha. Sasa wao walau walikuwa na namba ya sheria ya kushindwa nayo.

Sitawadanganya kwamba chumba kile kilikuwa madrasa. Nimekaa kaunta ile miaka mitatu, najua. Kuna kijana alikuwa anatoka nyumbani na sare ya shule, anafika saibani saa mbili, anaigeuza sweta ndani nje, anakaa mpaka saa tisa. Mama alimfukuza mara mbili, mara ya tatu alikuwa amebanwa na rejesho la mkopo na akajifanya hajamwona. Mimi pia nilijifanya. Kuna wakati muguka ilikuwa inatafunwa mle mpaka sakafu ikawa ya kijani. Na kuna ule utaratibu wa anayepigwa analipa, ambao ukiuangalia vizuri una harufu ya kamari, hata kama anayeshinda hapati chochote ila mchezo wa bure. Vijana wakubwa, wa bodaboda, walikuwa wakiwekeana hadi mia mbili kando. Hayo nimeyaona. Mzazi anayekasirika kwa sababu hiyo ana haki ya kukasirika, na kama angekuja na bakora tungempisha.

Lakini angalia: kila moja ya hayo lina dawa yake, na dawa yenyewe inaandikika kwenye nusu karatasi. Siku za shule, aliye chini ya miaka 18 haingii kabla ya saa kumi jioni. Hakuna sare. Hakuna muguka. Hakuna kuwekeana pesa. Mlango uwe wazi, pazia litoke, na chifu au mzazi yeyote apite aangalie. Ukivunja, unafungiwa wiki mbili, kwa barua. Mama wa saiba angetia sahihi hiyo karatasi asubuhi ile ile, tena angeilipia fotokopi. Hakuna aliyemuuliza. Kuongea na mama kungechukua nusu saa. Kubeba televisheni kulichukua dakika kumi na mbili, na picha yake ilikuwa nzuri zaidi, maana ilipigwa picha, niliona simu.

Wenzetu wengine wamejaribu njia ya kuhesabu saa. China, Agosti 2021, waliamua aliye chini ya miaka 18 acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini walianza mwaka 2011, aliye chini ya miaka 16 asicheze kwenye kompyuta kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wa Korea wakafanya nini? Wakatumia namba za vitambulisho vya wazazi. Wengine wakahamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzigusa. Miaka kumi baadaye serikali ikakubali yaishe, na tangu Januari 2022 sheria ile haipo, wakaacha mzazi na mtoto wapange saa zao.

Mimi sikubaliani na China, ila hata hao wanamfikiria mtoto mwenye kifaa chake. Kanuni yao inamkuta sebuleni. Amri yetu inamkuta mtoto wa nani? Mtoto wa daktari ana PS yake nyumbani, anacheza mpaka saa saba usiku, na hakuna koti la mvua litakalogonga geti. Sijawahi kusikia msako wa gemu Runda. Anayekamatwa ni yule aliyeshinda wiki nzima akifukuza ndege kwenye mpunga wa Mwea, au akichuma chai ya mtu huko juu Kangaita, akapata mia tatu, akampa mamake mia mbili na hamsini, na hamsini iliyobaki ikawa mechi tano. Kwake saiba ndiyo sebule. Amri inasema inalinda watoto, lakini ukiisoma kwa miguu yake, mahali inapokwenda na mahali isipokwenda, inalinda macho ya watu wazima wasione watoto maskini wakiwa wamekaa.

Maana hilo ndilo linalowaudhi, kukaa. Kijana akiwa amesimama stendi bila kazi hakuna anayemuuliza. Akiketi kwenye benchi mbele ya skrini anacheka, mji mzima unapata wasiwasi.

Na wasichana? Hapa naomba nisimame kidogo, ingawa hoja yangu haihitaji. Katika miaka mitatu niliona wasichana wanne nyuma ya pazia, na mmoja alikuwa amekuja kumwita kaka yake. Wasichana wa Kerugoya walikaa upande wa kaunta, wakiandika barua za kazi na kuomba kozi za KUCCPS. Nchi hii imemtoa Sylvia Gathoni, yule anayejulikana kama QueenArrow, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria na mchezaji wa Tekken na akasajiliwa na timu ya nje ya Kenya. Angekulia kwetu asingepita pazia. Hilo ni kosa letu sisi wa saiba, si la serikali, na kama kuna ofisi ingekuja kutuuliza kwa nini wasichana hawaingii, ningewapokea na chai.

Turudi kwenye kamari, maana hiyo ndiyo iliyotajwa mlangoni. Kamari ipo Kerugoya. Mtu yeyote mwenye macho anajua iko wapi. Miaka ya 2017 na 2018 ilikuwa kwenye zile mashine za sarafu zilizojaa madukani hadi vijijini, serikali ikazikusanya na kuzichoma, na sikuona mtu akilia. Mimi mwenyewe nilishangilia. Kisha kamari ikahamia mfukoni. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku thelathini, na wewe uliyekuwa ukiangalia mpira unajua yalikuwa mangapi mpaka ikabidi yasimamishwe. Sheria inasema chini ya miaka 18 hakuna kubeti. Sawa. Laini ni ya nani? Ya mamake. Kitambulisho ni cha nani? Cha mamake. PIN anaijua nani? Mtoto, kwa sababu ndiye humtumia mamake pesa.

Mmoja wa wale saba wa siku ile ni jirani yetu, ana miaka kumi na tano. Wiki tatu baada ya saiba kufungwa mamake alikuja kwetu usiku, ameshika simu kwa mikono miwili kama inaungua. Shilingi elfu moja mia nne za chama zilikuwa zimeisha kwenye ile gemu ya ndege, ile inapaa na namba zinapanda halafu inapotea. Dakika arobaini. Nikamuuliza kijana, kwa nini? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Bro, si mlifunga. Ningecheza nini?"

Elfu moja mia nne ni mechi mia moja na arobaini. Angezicheza mpaka Krismasi na angali amekaa kwenye benchi ambapo mimi namwona.

Hoja yangu yote ningeweza kuiacha hapo, lakini kuna jambo linanikosesha usingizi kuliko hilo.

Gemu hazikuisha. Zilihama. Kabla Septemba haijafika kulikuwa na chumba kingine, siwezi kusema wapi, cha kupanga, cha mabati, nyuma ya nyumba nyingine. Nilipelekwa na kijana mmoja aliyetaka nimtengenezee padi. Tulipofika niliona mlango una kufuli kwa nje. Nikadhani hakuna mtu. Yule kijana akagonga mara mbili, akaita jina, mlinzi akatokea kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma akiwa na ufunguo. Ndani walikuwa kumi na moja. Dirisha moja, limepigwa mbao ili mwanga usionekane nje. Stima imevutwa kwa waya mmoja kutoka kwa jirani, waya umepita juu ya godoro. Ukiuliza kwa nini kufuli iko nje, utaambiwa ni akili: askari akipita anaona pamefungwa.

Niliikaa dakika tano, nikaona siwezi kupumua, nikatoka.

Beijing, tarehe 16 Juni 2002, kulikuwa na mgahawa wa intaneti uliojulikana kama Lanjisu. Haukuwa na leseni. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Wavulana wawili waliokuwa wamegombana na wahudumu wakauwasha moto usiku, na watu 25 wakafa, wengi wao wanafunzi. Serikali ya China ikajibu kwa kufunga migahawa ya jiji na kisha kuwapiga marufuku walio chini ya miaka 18 wasiingie kwenye migahawa ya intaneti. Mimi nikisoma habari hiyo nasoma jambo moja tu: kufuli. Mahali palipofichwa hapana mlango wa dharura. Palipofichwa hakuna mkaguzi anayeuliza kizima moto kiko wapi, kwa sababu rasmi hapo mahali hapapo.

Na sisi tunahitaji kwenda China kwa nini? Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67, bweni lenye madirisha ya vyuma na mlango uliofungwa. Endarasha, hapo Nyeri tu, Septemba 2024, wavulana 21. Tulifunga redio wiki nzima. Shosho yangu alikataa kula. Baada ya kila moto serikali ilisema milango, milango, milango. Sasa mtu mmoja mwenye faili anazunguka mji akihamisha vijana kutoka chumba chenye pazia kwenda chumba chenye kufuli, na anaandika kwenye ripoti yake kwamba Kerugoya imesafishwa.

Nasema haya nikijua ninakoishi. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kangai, kaunti hii hii ya Kirinyaga, kwa pombe yenye sumu, na serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa imeshakamatwa, ikawekwa kituoni kama ushahidi, kisha ikatoka. Ilitoka kituoni. Baada ya hapo ukasikia maagizo, baa zikafungwa, na kweli mambo mengine yalihitaji kufungwa. Lakini mtu asinipe hotuba kuhusu maadili ya vijana wa mlimani bila kwanza kunieleza televisheni nne za mama ziko stoo gani, na nani ana ufunguo.

Kuna watakaosema sasa hivi ulimwengu wote unaweka mipaka, hata Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo ya usalama wa watoto mtandaoni Aprili 2025. Ilitoa, ndiyo. Nimeipitia. Kuna mahali siipendi, hasa habari ya kuthibitisha umri, maana nashindwa kuona itafanyika vipi bila kila mtu kumwaga kitambulisho chake kila mahali. Tanzania mwaka 2018 kanuni zao za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye migahawa ya intaneti wafunge hata kamera, na hiyo nayo ningeipinga mpaka sauti ikauke. Lakini hizo zimechapishwa. Zina kurasa. Ninaweza kuweka kidole kwenye mstari nikasema huu mstari ni mbaya kwa sababu hii. Amri ya mdomo utaiwekea kidole wapi?

Tena saiba si gemu tu, na nafikiri waliovuta lile pazia hawajawahi kukaa upande wa kaunta. Bob kumi za mechi ndizo zilizolipa intaneti ya kaunta. Bila chumba cha nyuma, mama hawezi kulipia laini ya mwezi kwa fotokopi peke yake. Juni kila mwaka, wiki ile ya mwisho kabla ya tarehe 30, wazee wa kahawa hupanga foleni mpaka nje kwa sababu ya ritani za KRA, na wengine hawajui hata kushika kipanya. Unawasaidia, unawaonyesha pa kubonyeza, wanakubariki. Unajua nani alikuwa akinisaidia wiki hiyo? Wale wa nyuma ya pazia. Wawili wao walijifunza kuchapa kwa sababu mama aliweka sheria yake mwenyewe: ukisaidia saa moja kaunta, unapata mechi mbili. Mimi niliingia saibani kwa mlango huo huo. Nilikuwa darasa la saba, nilikuja kwa ajili ya FIFA, nikaulizwa kama naweza kupanga karatasi.

Sasa hivi chumba cha nyuma ni stoo ya magunia ya mbolea ya shemeji yake. Kompyuta zilikuwa sita, zimebaki tatu. Mama hufunga saa kumi na moja badala ya saa tatu usiku, na msichana wa Kutus mwenye fomu zake, akija jioni baada ya kibarua, anakuta giza.

Kwa hiyo nimeandika barua. Sikuandika ya kuomba huruma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Nimeuliza maswali manne. Amri ilitolewa na nani na lini? Kwa sheria ipi? Vitu vilivyochukuliwa viko wapi na vimeorodheshwa wapi? Ni majengo mangapi mengine yamefungwa kwa amri hiyo hiyo? Nilitaka kuongeza la tano, kuhusu benchi, mama akanikataza. "Usiwachekeshe, mwanangu. Wakicheka watasahau kujibu."

Nilipiga nakala tatu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe, nikasimama mpaka ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Karani aliisoma pale pale, akaniangalia, akaisoma tena, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali pengine mtoto wake anaweza kuchezea, maana tangu Agosti anashinda kwenye simu yake.

Mhuri una tarehe. Leo ni siku ya kumi na saba.